Kudha Hatuoi

Hamar

Kakangu Shee,

Kabla ya yote nakusalimu wewe, kisha nyumba yako, kisha kila aliye chini ya paa lako mpaka paka. Habari za mgongo? Nimesikia siku hizi ukiinama juu ya mbao huinuki mpaka mtu aje akushike mkono, nikasema moyoni, basi tumefanana tena, maana na mimi ndivyo. Shemeji Mwanaesha kikohozi kimempungua? Bado anakunywa yale majani machungu au ameyamwaga kama alivyonitishia? Mimi nipo. Sina ugonjwa wa kuutaja kwa jina. Nina uchovu tu, kaka, uchovu ambao nikilala nao naamka nao, na macho yangu yameanza kunitoroka. Hayo ya macho yaweke akilini, nitayarudia.

Kazi ni ile ile. Huku meli kubwa haziwezi kukaribia nchi kavu, zinasimama mbali, na kila kitu kinashushwa kwa matishari: saruji, unga, mapipa ya mvinyo wa Wataliana, hata wanawake wao huteremshwa ndani ya kapu. Matishari hugongana na ubavu wa meli mchana kutwa, na sisi mafundi tunangoja mchangani kuyaziba. Kutwa nimelala chali chini ya tumbo la tishari, napigilia pamba ya kalafati kwenye maungio, na mafuta ya sifa, yale ya papa ya kupakia mbao, yananidondokea usoni. Msimamizi wetu Mtaliana tunamwita kapo. Si mtu mbaya sana. Ana neno moja tu kwa kila ombi, domani, maana yake kesho. Ukimwomba nyundo mpya, domani. Ukimwomba siku moja ya kuuguza mguu, domani. Nimekaa ndani ya kesho yake miaka kumi na mmoja sasa.

Barua yako niliipata Jumatatu mchana, kwa mkono wa yule baharia wa Kismayo uliyempa. Alinikuta nimekaa kivulini nakula. Nikanawa, nikaikunjua, nikaishika mbali kwa urefu wa mkono, maana ndivyo nisomavyo siku hizi. Sasa kaka, nakuandikia hapa maneno yako mwenyewe kama nilivyoyasoma siku ile, uyaone kwa macho yangu:

“Mwanao Bakari ataka kuua. Amekwisha kumchagua mtu, mtu wa Kudha. Nimemkataza, hasikii. Asema akimkosa huyu hana haja na mwingine. Shemejiyo amelia naye, mwalimu wa chuo amesema naye, ni kama kusema na jiwe. Nimemwambia sisi Kudha hatuui, akaondoka zake. Nijibu upesi, kwani asema hata usipojibu atatenda.”

Chini yake ukaandika kwamba kuku wamezidi na shemeji anaomba kitambaa cha buluu.

Nilirudia mara tatu. Mkate ulinikwama kooni, ikabidi Mzee Hirsi, mlinzi wetu wa lango, anipige mgongoni. “Warya, Athumani, kuna msiba?” Nikamwambia bado. Akarudi langoni kwake.

Wewe unazijua herufi zetu hizi za chuoni, za Kiarabu. Alama ya dhamma ni moja, ya o ni hiyo na ya u ni hiyo. Mwenye kusoma ndiye anayechagua. Mtu mwenye akili zake akiandikiwa habari ya kijana wa miaka kumi na tisa angechagua upesi na kucheka. Mimi nilichagua kuua. Na si kwamba sikushangaa. Lile la “sisi Kudha hatuui” lilinisumbua kuliko mengine. Nilijiuliza, Kudha ni kisiwa kama chetu, kumbe sisi tunaua wapi? Kwetu Chula? Burgao? Nikajiambia kakangu ana hekima zake, huenda ndivyo wanavyosemeshwa vijana wa siku hizi, kidogo kidogo. Na habari ya kuku nikaichukua kuwa ni ushupavu wako. Nikasema, Shee ni mwanamume, nyumba inamuungulia na bado anakumbuka kitambaa cha mkewe.

Nilikwenda kwa kapo kumwomba ruhusa ya kuja nyumbani. Sina haja ya kukuandikia alilonijibu.

Siku tatu nilikaa na neno lile. Nataka nikwambie ukweli, maana nimechoka kujificha na wewe ndiye pekee wa kuambiwa. Kilichoniuma zaidi si kwamba mwanangu ataka kuua mtu. Kilichoniuma ni kwamba niliamini papo hapo. Baba anayemjua mwanawe angesema hapana, huyu wangu hawezi. Mimi wangu simjui. Nilipoondoka Chula alikuwa hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na mamake hajatimiza mwaka kaburini. Nimekuja mara moja tu tangu wakati ule, naye akajificha nyuma ya shemeji mpaka mkamtoa kwa tende. Sijui anacheka vipi. Sijui hasira yake ikoje. Ningeambiwa mwanangu ana pembe ningeuliza ni mbili au moja.

Basi kwa kuwa simjui, nikatafuta njia nyingine ya kumjua. Nikajilazimisha kukumbuka mimi nilikuwaje na umri wake. Nilikuwa nikipigilia pamba huku natafuta ndani yangu, je, kijana wa kwetu aweza kuua? Nikakuta aweza. Sijapata kukusimulia hili.

Unaikumbuka ile mashua ya kwanza niliyoitia kalafati peke yangu? Siku ya kuishusha, watu wote wako ufuoni, na wasichana wamekuja kutazama, maji yakaingia mpaka yakafika kwenye mabao ya kukalia. Nahodha mwenye mashua akaninyoshea kidole akasema, “Hii si kalafati, mchu huyu ametia uji.” Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, kaka, nilikuona. Mlidhani nimekwenda kulala kwa aibu. Sikulala. Nilichukua tezo la baba la kuchongea mbao nikakizunguka kisiwa kumtafuta nahodha, na nia nilikuwa nayo, si mchezo. Masikio yalikuwa yakinilia. Sikuwa nikiona njia, nilikuwa nikiona kile kidole tu. Nikamkuta nyuma ya nyumba yake, peke yake, ameketi chini anahangaika na mwiba wa samaki uliomwingia kisiginoni, uso umemkunjamana. Akainua kichwa akaniona na tezo. Akasema, “Afadhali umekuya. Nishikie mguu.” Nikaweka tezo chini nikamshikia mguu. Mwiba ulikuwa mrefu. Nilipoutoa alinipa mua, nikaula njiani nikirudi nyumbani.

Ndiyo hivyo nilivyokoswakoswa na dhambi kubwa, kwa ajili ya mwiba. Basi siku zile tatu, kila baada ya swala, nilimwombea mtu yule wa Kudha, ambaye sikumjua jina, apatwe na mwiba mguuni Bakari atakapomfikia. Sikuwa na dua nyingine. Na kwa Bakari sikuwa na chuki hata chembe. Nilisema, namjua kijana huyu, nimekuwa yeye. Ndani yake kuna moto ambao sisi wakubwa tumeusahau, na hakuna anayemwambia neno ila la kukataza. Nilimhurumia mpaka machozi yakanitoka chini ya tishari, nikasingizia mafuta ya sifa.

Siku ya nne kapo akaniondoa kwenye kalafati akaniweka kupigilia ubao mpya ubavuni. Nikatia misumari kinywani kama tufanyavyo, mitano sita, nikaanza. Na lile neno lako bado liko kichwani, nalisema kila nyundo ikishuka, Kudha hatuui, Kudha hatuui. Ila ukiwa na misumari midomoni huwezi kusema vizuri, unajua mwenyewe. Midomo hukaa duara. Na ukiwa umechoka ulimi hurudi kwao Chula, ambako mtu ni mchu. Likanitoka hivi: “Kudha hachuoi.”

Mkono ukasimama juu.

Haikuwa sauti yangu, kaka. Ilikuwa ya baba, na misumari yake kinywani. Miaka yote hii nimeishi na watu wa lugha nyingine, nimesoma barua zako kwa lugha ya karatasi, na nilihitaji kusema kwa lugha ya nyumbani ndipo nielewe. Nikatema misumari mkononi nikaketi mchangani. Mzee Hirsi akaja tena kuniuliza kama ule msiba sasa umefika. Nikamwambia ni harusi.

Kazi ilipokwisha nilikwenda kumtafuta baharia wako, ambaye chombo chake bado kilikuwa kikipakiwa. Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. “Kuuwa? Bakari? Yule akiambiwa achinje kuku huita mchu amchinjie.” Hili nalo sikulijua. Kumbe ndiyo maana kuku wamezidi. Mpita njia wa Kismayo anamjua mwanangu kuliko mimi, nami nikasimama pale nacheka naye kama mtu aliyekuwa akilijua siku zote. Akanieleza kidogo kuhusu binti, kwamba ni mtoto wa mshona matanga wa Kudha, kwamba anacheka kwa sauti na watu wanamsema kwa hilo. Jina hakulijua. Wewe nawe hukuliandika. Umeniandikia barua nzima juu ya binti huyu na hukuliandika jina lake.

Sasa nikwambie jambo la ajabu. Ungedhani nilirudi nyumbani nimetua mzigo. Nilitua, ndiyo, kwa muda wa kutembea kutoka bandarini hadi mlangoni. Nilipovua viatu hasira zikaniingia. Nani aliyempa kijana huyu ruhusa ya kukua? Hana mashua, hana chumba, ndevu zenyewe sijaziona, naye amekwisha kuchagua, na anatuambia tusipojibu atatenda. Mimi kwa siku tatu nimetetemeka kwa ajili yake na yeye huko anatengeneza nywele. Nilichukua karatasi papo hapo nikakuandikia barua nyingine, si hii. Nilikwambia umefanya vizuri. Nilikwambia umshike sana. Na mwishoni nikaandika kwa mkono wangu, “Mwambie na babake amesema, Kudha hatuoi.”

Nikaiinua ile karatasi kwa urefu wa mkono niisome. Kaka, alipotaka kuua nilimwelewa. Alipotaka kuoa nikamkasirikia. Nilikaa nalitazama neno lile mpaka wino ukakauka. Mimi hata leo sijui Kudha walitukosea nini. Shangazi aliwahi kusema ni habari ya babu kualikwa harusini huko akapewa kichwa cha kasa badala ya tumbo. Kama ni hivyo, basi kichwa kimoja cha kasa kimetutawala wajukuu kuliko bendera zote mbili tulizoziona.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Na hapa, tafadhali, kama shemeji amekaa karibu ukisoma, mtume kwanza akatazame kuku.

Ulikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na saba. Mwaka ule nyumba yetu ilijaa kamba. Kila baada ya siku chache ulikuwa na safari ya Kudha kununua kamba, kwa kuwa kamba za Kudha, ulisema, zimesokotwa vizuri. Mama alizifungia vitanda, akazianikia nguo, akazigawa kwa majirani, na bado kamba zikawa zinakuja. Mimi nilijua. Ulikuwa ukioga kabla ya kwenda kununua kamba. Yule mwenye kusokota sikumwona hata siku moja, ila nilijua anapenda karafuu, maana ulikuwa ukirudi unanukia.

Siku uliyomwambia baba nilikuwapo, tulikuwa tunashika ubao mmoja, mimi na yeye. Ulikuja na kanzu safi ingawa ilikuwa siku ya kazi. Ulisimama upande wa jua. Ukasema maneno mazuri, uliyokuwa umeyapanga, nadhani, tangu Kudha. Na baba hakuinua kichwa. Alikuwa na misumari kinywani, akasema kwa pembe ya mdomo, “Kudha hachuoi,” akapiga msumari. Akapiga wa pili. Ukangoja. Nilikuwa nimeshika ubao nauhisi unatetemeka kwa nyundo, nikawa nakutazama. Sijapata kuona mtu akisimama vile. Baada ya msumari wa tatu uligeuka ukaenda kuvua kanzu, ukarudi kazini.

Hukula siku tatu. Ulipiga misumari yote ikapinda, baba akakufanya uing'oe mmoja mmoja. Mimi nilikufuata kisimani. Ulikuwa umekaa ukingoni, ndoo tupu miguuni, na nikaogopa, kwa sababu ulikuwa unazungumza taratibu sana. Uliniambia hivi, na naapa sikuongeza wala sikupunguza: “Si kukataa kwake. Angekataa na kunichazama usoni, ningevumilia. Athumani, mimi Mungu akinipa mwana, akaya kuniuliza kichu cha roho yake, sitamjibu na misumari kinywani.”

Mungu hakukupa mwana wa kumzaa. Akakupa wangu.

Sikugombezi, kaka. Nina haki gani? Wewe ndiye uliyemlea, ukamfundisha swala na tezo, ukamuugulia homa zake. Mimi nimempa jina na sabuni za kila Ramadhani. Najua kwa nini umemjibu vile. Umechoka. Mgongo unauma, kazi haiishi, kijana anakuja amenawa uso kukuuliza jambo kubwa katikati ya ubao, na lile neno liko tayari mdomoni, baba alituachia, halina taabu kulisema. Mimi nililiandika kwa ukamilifu bila hata msumari mmoja kinywani. Lakini nadhani pia kuna jambo lingine. Nadhani ulipoliona neno Kudha usoni mwa kijana huyu ulipata maumivu, na mtu akishikwa panapouma hupiga mkono unaomshika. Nimekaa siku nyingi na jambo hili, ndiyo maana barua imechelewa. Hakuna mtu kisiwani aliyestahili kumwelewa Bakari kuliko wewe. Mimi nilibaki kukisia kutoka mbali, kwa kukumbuka lile tezo. Wewe una kumbukumbu yenyewe.

Shemeji Mwanaesha ni mwanamke mwema na amekufaa, na sisemi kwamba baba alikuharibia maisha. Baba mwenyewe alikuwa mtu wa kuchoka. Nasema tu kwamba tangu siku ile hujatia mguu Kudha. Kamba zetu tukaanza kununua Burgao, mbaya vile zilivyo.

Basi haya ndiyo maneno yangu kama baba yake, na nakuomba uyatende.

Nenda Kudha. Nenda wewe, usimtume mtu. Mchukue mwalimu wa chuo, beba tambuu ya posa kama inavyotakiwa, vaa kanzu, na uingie kwa mlango wa mbele. Wakikupa kichwa cha kasa, ukile. Waambie baba wa kijana yuko mbali na amezuiliwa na kazi, ila amekupa ulimi wake. Uliza jina la binti, uniandikie. Mtazame anavyocheka.

Chumba changu kifungueni. Ndiyo, kile, cha mamake Bakari. Najua mmekifunga mkiningojea, na shemeji hukifagia kila kuamkia Idi. Nami huku nikichoka sana nilikuwa nikijiambia kile chumba kipo. Toeni sanduku langu mlihamishie ukumbini kwenu, na kile kitanda cha kamba za Kudha, kama bado kinavumilia, kikazieni kamba mpya, mwacheni kijana akae hapo na mkewe. Nikija nitalala ukumbini. Mtu wa umri wangu halali sana.

Bakari mwambie kwamba babake amesema ndiyo. Msimulie habari ya kuoa na kuua, acheke, ina haki ya kuchekwa. Lakini usimwambie kwamba niliamini. Hilo niachie mimi, nitamwambia mwenyewe nikipewa hiyo kesho, nikiwa nimemshika mkono, ili anione usoni ninapomwambia.

Kitambaa cha buluu nimempa baharia. Ni kizuri, shemeji asikifiche kabatini. Kuku wapunguzeni kwa ajili ya karamu, na mtafuteni mtu mwingine wa kuchinja.

Nisalimie shangazi yetu Mwanakombo, umwambie nimekula kiapo cha kutotaja tena habari ya kasa. Nisalimie mwalimu wa chuo, na usimwonyeshe jinsi nilivyosoma, maana ni yeye aliyenifundisha. Nisalimie fundi Kale jirani yetu, anayekushika mkono ukiinama. Na yule nahodha wangu wa mwiba, kama bado yu hai, mwambie mashua zangu siku hizi haziingizi maji. Ukifika Kudha, binti wa watu ukimkuta anachechemea, niombee radhi. Ni dua zangu, zilikosea mtu.

Nimemaliza, na neno lenyewe ni hili, mwoze. Naliandika na naogopa, kwa kuwa herufi zetu zitakuruhusu kusoma muuze, na wewe ni ndugu yangu, waweza kuchagua vibaya kama mimi. Kwa hiyo nimemfundisha baharia alitamke kwa kinywa kitupu, naye amelirudia mbele yangu mara tatu. Msikilize. Kisha mwite Bakari, umtazame usoni, umjibu tena lile swali lake tangu mwanzo. Na kabla hujafungua mdomo, kakangu, tema misumari.

Mimi nduguyo,
Athumani